Nyama ya Mwisho wa Mwezi

Kwa miaka sita watoto wangu waliamini kwamba napokea pensheni. Sikuwahi kuwaambia hivyo kwa mdomo wangu, ila sikuwahi kukana. Kila mwisho wa mwezi nilitoa gauni langu la bluu kwenye sanduku, nikafunga kitambaa kichwani, nikachukua mkoba na kuaga kwamba naenda benki. Na kweli nilienda. Nilipanga foleni mjini Busia pamoja na walimu wastaafu, tukaulizana hali, nikatoa pesa nilizokuwa nimeweka mwenyewe kidogo kidogo tangu mwezi uanze, faida ya maharagwe ninayouza sokoni. Kisha nikapitia buchani. Jioni hiyo tulikula nyama, na kila mtu akajua kwamba pensheni ya Mama imeingia.

Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni upande wa Amukura kwa miaka ishirini na miwili. Nilipikia watoto mia nne, ugali na maharagwe, na sikumbuki siku hata mmoja alilala njaa. Lakini mpishi wa shule si mwalimu. Mimi niliajiriwa na bodi, na siku niliyostaafu nilipewa kiinua mgongo, blanketi na chupa ya chai, tukapiga picha, basi. Kiinua mgongo chenyewe kiliishia hospitalini. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa figo, na alipofariki hatukubaki na kitu isipokuwa nyumba hii ya vyumba vinne, nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Busibwabo.

Wakati huo kitinda mimba wangu ndiyo kwanza aingie chuo. Nilijua nikimwambia hakuna pesa atarudi nyumbani na begi lake. Kwa hiyo aliponiuliza siku ya matanga, "Mama, tutaishi na nini?" nilimjibu, "Mimi nimefanya kazi miaka yote hiyo, unadhani wataniacha hivihivi?" Akatulia. Sikuwa nimedanganya sana, nilijiambia. Nilikuwa nimeuliza tu swali.

Nikaanza biashara ya nafaka. Asubuhi naenda mpakani, nanunua gunia la maharagwe kwa wafanyabiashara wanaotoka upande wa Uganda, nauza kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, sokoni. Nikiwa peke yangu, biashara hiyo ilinitosha na ada ikapatikana. Kisha watoto wakaanza kurudi.

Wa kwanza kurudi alikuwa kifungua mimba wangu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, karani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani kule Malaba. Ofisi ilifungwa, mwenyewe akahamia Mombasa na makarani wakaachwa. Alikuja na godoro, redio, na mashati meupe saba. Miezi michache baadaye kitinda mimba akamaliza chuo, akarudi na cheti chake cha kompyuta, akaanza kungoja simu. Mwisho akaja binti yangu. Yeye alikuwa ameolewa Bumala. Mumewe alileta mwanamke mwingine ndani ya nyumba hiyohiyo, na jioni moja binti yangu alitoka kisimani akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Alifika kwangu na watoto wawili, wa kike wa miaka saba na wa kiume wa miaka minne, na mfuko mmoja wa nguo aliokuta umewekwa nje ya mlango. Sikumuuliza kitu. Niliongeza ugali.

Kwa hiyo tukawa sita. Mtu asiyewahi kulisha watu wazima watatu hajui. Mtoto mdogo unaweza kumgawia. Mwanamume wa miaka thelathini na mitatu huwezi kumwambia vipande viwili vinatosha. Sabuni ya mche iliyokaa wiki mbili sasa ilikaa siku nne. Tokeni za umeme ziliisha katikati ya wiki kwa sababu kitinda mimba alichaji simu, na kompyuta, na simu ya rafiki yake. Nikaanza kubana. Nikahama kutoka unga wa pakiti, nikasaga mwenyewe muhogo na mtama. Chai ikawa ya rangi, ya maziwa Jumapili tu. Omena, dagaa wa ziwani, zikachukua nafasi ya samaki. Mafuta ya kupikia nikayapima kwa kifuniko cha chupa, na mimi mwenyewe nikaacha kula mchana. Nikiwa sokoni hakuna aliyeona.

Lakini nyama ya mwisho wa mwezi sikuiacha. Leo nikifikiria naona ndiyo iliyoharibu kila kitu. Watu wanaokula muhogo na omena siku ishirini na nane, kisha wanaona mama yao anarudi kutoka benki na kilo mbili za nyama, watafikiri nini? Watafikiri ana pesa na anazificha.

Jumapili moja baada ya kanisa niliwaketisha. Nilikuwa nimelala vibaya, na wiki hiyo maharagwe yalipanda bei mpakani nikauza kwa hasara. Niliongea kama nilivyozoea kuongea na vijana wa jikoni shuleni.

"Kuanzia wiki hii," nikasema, "kila mtu mzima anayekula hapa atatoa mia mbili kwa wiki. Sitaki kujua imetoka wapi. Kama hauna, tafuta."

Kitinda mimba alicheka, akidhani natania. Kaka yake hakucheka. "Mama, sasa unatutoza kodi?"

"Mwenye nyumba wa Malaba alikuwa anakupa chumba bure?"

Akainua mabega. Binti yangu alikuwa anamsuka mwanawe nywele. Hakuinua kichwa. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Na watoto, Mama? Wanahesabiwa?"

"Nimesema watu wazima."

"Sawa."

Ijumaa walileta. Kifungua mimba alikuwa ameshinda Malaba siku mbili akisaidia kuhesabu magunia kwenye ghala. Kitinda mimba aliuza spika zake ndogo. Binti yangu aliweka noti mbili za mia mezani, zimekunjwa vizuri, akarudi kuosha vyombo. Nilizichukua. Nakumbuka hata nilifurahi. Nilijiambia, umeona, kumbe wanaweza.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani, benchi la tatu, wakati waimbaji wanaingia. Mmoja wao, jirani yetu wa nyumba ya tatu, alikuwa amevaa gauni la rangi ya zambarau lenye maua madogo kwenye shingo. Nililijua gauni hilo kabla sijamwona aliyelivaa. Nilikuwa nimelinunua mwenyewe, siku binti yangu anaenda kujulishwa kwa wakwe. Ndilo gauni pekee zuri alilotoka nalo Bumala.

Nikageuka. Binti yangu alikuwa ameketi nyuma na watoto, amevaa sketi ya nyumbani na leso. Macho yetu yalikutana. Yeye ndiye aliyeinamisha kichwa, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Ningemwambia siku hiyohiyo. Tulitembea pamoja kurudi nyumbani, zaidi ya nusu saa, watoto wakikimbia mbele, na nilikuwa na nafasi yote ya kusema, mwanangu, nimeona, nisamehe, kachukue gauni lako. Sikusema. Nilizungumza habari za mahubiri. Niliona nikifungua mdomo itabidi niseme na yale mengine yote, ya benki na ya pensheni, na sikuwa tayari.

Jumanne nilirudi kutoka sokoni nikakuta nyumba kimya. Sufuria zilikuwa zimesuguliwa hadi zinang'aa. Mashuka yamekunjwa kitandani. Kifungua mimba alikuwa kizingitini, bado na viatu vya Malaba.

"Amekwenda," akasema.

"Amekwenda wapi?"

"Bumala. Amesema anarudi kwake."

Nikaketi chini palepale na kikapu changu. "Na wewe ukamwacha?"

"Nilikuta ameshaenda, Mama. Ameacha maneno kwa mdogo wangu." Alisita, kisha akasema yale yaliyokuwa moyoni mwake. "Lakini ulitaka afanye nini? Hana kazi, ana watoto wawili, na wewe unamdai. Sisi tunaelewa unataka kutufundisha tusikae bure. Lakini yeye ulipaswa kumhurumia. Si uko na pensheni? Kila mwezi tunaona."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua namna ya kumjibu. Alisema kama mtu anayemweleza mama yake jambo dogo ambalo amelisahau. Nikaangalia zile sufuria. Nikasema, "Kesho naenda kumchukua. Tukirudi nina jambo la kuwaambia wote."

Asubuhi nilishuka Bumala kwenye njia panda, nikanunua mkate na sukari nusu kilo, kwa maana huwezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu, nikatembea. Sikwenda kwenye nyumba ya mkwe wangu. Nilikwenda kwa mama yake, boma lililo nyuma, maana nilijua ikiwa binti yangu amekataliwa kule mbele atakuwa hapo.

Nilimkuta mama huyo uani anapepeta mtama. Ni mwanamke wa umri wangu, mwembamba, asiyesema mengi. Aliniangalia nikikaribia, akaweka ungo chini.

"Karibu, mama. Nilijua utakuja."

"Asante, mama. Yuko?"

"Ameenda kuni. Watoto wako ndani, wanakula." Akanisogezea kiti. Tukasalimiana vizuri, habari za nyumbani, za mashamba, za wagonjwa. Ndipo akasema, "Sitakuficha. Kule mbele hawezi kuingia. Yule mwingine ana mimba sasa, na mwanangu hanisikilizi. Huyu wako amelala jikoni kwangu usiku wa jana na watoto. Simfukuzi. Ni mke niliyempokea mwenyewe kwa mikono yangu. Lakini na mimi hapa nina watu wazima wanne." Akahesabu kwa vidole bila kutaja: wawili hawajaoa, mmoja amerudi kutoka Nairobi bila kazi, mmoja ameachika. "Unga wangu ni wa kupima, mama. Napima hadi naona haya."

"Hata mimi," nikasema.

"Wewe?" Akanishangaa. "Wewe si uko na pensheni?"

Kumbe uvumi ulikuwa umefika hadi Bumala. Na kwa sababu alikuwa mtu wa mbali kidogo, na kwa sababu alikuwa ameniambia haya yake kwanza, nilimwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusikia. Nilimweleza foleni ya benki, gauni la bluu, na nyama. Alinisikiliza akichezea punje za mtama kiganjani. Nilipomaliza alicheka kidogo, si kicheko cha dharau.

"Mimi huwaambia wangu nimeshakula," akasema. "Kila siku nimeshakula."

Tulikuwa tumekaa hivyo binti yangu alipoingia na mzigo wa kuni kichwani. Aliponiona alisimama. Aliutua mzigo polepole, akapangusa uso.

"Mama, kwa nini umejisumbua?"

"Nimekuja kuwachukua."

"Nitakula nini kwako?" Hakusema kwa kiburi. Alikuwa anauliza kweli. "Wiki iliyopita nilipata. Wiki hii nitauza nini? Sina kitu kingine cha kuuza."

Mama mkwe wake akainuka akaingia jikoni, akatuacha. Nikamshika binti yangu mkono, mkono wenye makovu ya moto kama wangu, nikamwambia, "Nililiona gauni. Nililiona kanisani nikanyamaza, na nilikosea. Hata ile mia mbili nilikosea namna nilivyoiomba. Nilipaswa kuomba msaada, nikatoa amri." Kisha nikamweleza mengine, maneno yaleyale niliyokuwa nimemwambia mama mkwe wake, na safari hii yalitoka kwa shida zaidi.

"Kwa hiyo mchana huwa hauli," akasema.

Katika yote niliyosema, hilo sikulisema. Alilijua mwenyewe.

"Nimekuwa nikiona vile unakula jioni," akasema. "Nilidhani ni uzee."

Tukaondoka saa nane. Mama mkwe alitufungia mtama kwenye mfuko, kama kilo mbili. Nilikataa, akaukamata mkono wa mjukuu wake mkubwa akamkabidhi mfuko. "Huu si wako, mama. Ni wa wajukuu wangu." Sikuweza kukataa tena.

Jioni hiyo nilitoa kila kitu. Kitabu cha benki, daftari langu la sokoni, barua ya shule inayosema wamenishukuru kwa utumishi wangu, na risiti za hospitali ambazo sikuwa nimezitupa. Niliviweka mezani nikawaambia wasome wenyewe. Kitinda mimba ndiye aliyesoma kwa sauti, na alipofika kwenye daftari la ada yake ya chuo, jinsi nilivyokuwa nikilipa vipande vipande, akaliweka chini. Alitoka nje. Nilimsikia akinawa uso kwenye pipa la maji. Kifungua mimba alikaa na ile barua mkononi.

"Ungetuambia, Mama," akasema.

"Mngefanya nini?"

"Sijui. Lakini tungekuwa tunajua."

Kitinda mimba aliporudi, binti yangu ndiye aliyevuta daftari upande wake. Aliuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kujiuliza. Kwa nini nanunua sukari robo robo dukani wakati tukichanga tunaweza kuvuka na kununua kilo tano kwa pamoja? Kwa nini natoa elfu moja kila matanga? Nikajibu kwamba watu wananijua kama mstaafu, nikitoa kidogo watasema. "Watasema nini?" akauliza. Katika mwezi mmoja nilikuwa nimechanga matanga matatu.

Tangu usiku huo yeye ndiye anayeshika pesa za nyumba hii. Hatukupiga kura. Ilitokea tu kwamba daftari lilibaki kwake. Mia mbili ilifutwa. Mwenye kupata analeta anachopata, asiyepata anafanya kazi ya nyumba, na kila mtu anajua kilichomo. Kitinda mimba anavuka mpaka asubuhi na orodha ya dada yake, kwa sababu anajua Kiganda cha kupunguziwa bei, na alasiri anachapia watu barua na maombi ya kazi kwenye kompyuta yake. Akikosa wateja wiki nzima huwaka hasira, na tunamwacha. Binti yangu yuko sokoni na maharagwe siku tatu kwa wiki, mimi siku tatu.

Haikuwa rahisi kwangu. Kuna asubuhi niliyohitaji pesa ya dawa ya presha nikajikuta nazunguka jikoni nikitafuta namna ya kumwomba binti yangu niliyemzaa. Aliniona. "Mama, dawa imeisha?" Akatoa pesa bila neno lingine. Nilikwenda dukani nimefura kidogo, sitaki kusema uongo. Nilipofika njiani nikagundua kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nikiruka dawa hizo ili pesa zitoshe, na sasa zimo kwenye daftari, kwenye ukurasa mmoja na sabuni na chumvi.

Matanga ya kwanza baada ya hapo yalikuwa ya mzee wa mtaa wetu. Nilitoa mia moja. Mweka hazina aliandika mia moja, akaita jina la anayefuata. Nilikaa pale nikingoja mtu ageuke aniangalie. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alisogea akaninong'oneza, "Mimi nimetoa hamsini." Tukanywa chai.

Kifungua mimba wangu ameondoka. Lile ghala la Malaba lilimchukua kwa mwezi, si kwa siku tena, akapanga chumba kimoja huko. Siku anahama, dada yake alimfungia sufuria, vijiko viwili na gorogoro ya maharagwe, naye akaacha redio kwa ajili ya watoto. Hutuma kitu anapopata. Mwezi uliopita hakutuma, akapiga simu mwenyewe kusema hana, na kwangu hiyo ilikuwa sawa na kutuma.

Baba wa wajukuu wangu alikuja mara moja, na unga na viatu vya yule mdogo. Alikaa sebuleni kama mgeni. Binti yangu alimpa chai, akaandika unga ule kwenye daftari na tarehe, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi sikumuuliza walichozungumza. Alikaa karibu nami uani tukachambua maharagwe, akitoa mawe na mimi nikitoa yaliyooza, na baada ya kitambo akasema kwamba mtoto wa kike anahitaji sare mpya muhula ujao, na kwamba tukianza kuweka akiba sasa tutafika.